Land Rover 109 au Land Cruiser 40: lipi la kufufua baada ya miaka juu ya mawe?

Ukizunguka Morogoro, Iringa, Nanyuki au Tanga utaliona: gari la zamani liko juu ya mawe nyuma ya nyumba ya mstaafu, kwenye ua wa misheni, au pembeni ya bohari la mradi uliofungwa kitambo. Kuku wanataga chini ya kiti na majani yamepita bampa. Mara nyingi huwa ni moja kati ya mawili: Land Rover Series III, hasa ile ndefu ya 109, au Land Cruiser ya familia ya 40.

Namwandikia mtu aliyeonyeshwa yote mawili, ana hela ya moja, na anataka litembee barabarani tena. Msimamo wangu nauweka mapema. Usianze kuuliza lipi lina injini nzuri. Uliza gari lililala wapi, na kama limelala na vitu vyake vyote. Injini iliyokwama hufunguliwa ikatengenezwa. Bodi ya Land Cruiser iliyoliwa na chumvi ya Pangani, au Land Rover iliyong'olewa nusu ya vipuri vyake, ndiyo inayommalizia mtu hela na hamu.

Tutambue kwanza tunachoangalia. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam Aprili 1948. Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, fupi ya inchi 88 na ndefu ya inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Injini ya kawaida ni ya silinda nne, lita 2.25, petroli au dizeli. Nyingine ziliunganishwa Thika, kwenye kiwanda cha Leyland Kenya. Land Cruiser 40 ilianza 1960 ikaishia 1984, na jina lake linasomeka ukijua herufi. F ni petroli ya silinda sita, B ni dizeli ya silinda nne, H ni dizeli ya silinda sita. Kisha 40 na 42 ni fupi, 45 na 47 ni ndefu. Kwa hiyo FJ40 ni fupi ya petroli, lita 3.9 au baadaye 4.2. BJ40 ni dizeli ya lita 3, BJ42 ina dizeli ya 3B ya lita 3.4, na HJ47 ni ndefu yenye dizeli ya lita 4 iitwayo 2H. Ukikuta FJ40 imeegeshwa, muulize mwenyewe kama ilisimama kwa ubovu au kwa unywaji wa mafuta. Injini hiyo inakunywa kweli, na nyingi ziliegeshwa zikiwa nzima.

Kutu haianzii mahali pamoja

Hapa ndipo magari haya yanapoachana, na ndipo uamuzi wako ulipo.

Bodi ya Land Rover ni aloi ya alumini. Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao, ndipo Rover wakatumia alumini. Leo unafaidi wewe: milango, mabawa na kisanduku cha nyuma havishiki kutu nyekundu hata vikinyeshewa miaka ishirini. Shida ni pale alumini inapogusana na chuma, kwenye mikanda ya milango na kingo za chini. Hapo utakuta unga mweupe na matundu madogo. Lakini chini ya bodi hiyo kuna chesisi ya chuma, yenye uwazi ndani, na matope yaliyoingia humo yanaila kutoka ndani kuja nje. Kipande cha mlalo cha nyuma, kile kinachobeba ndoano ya kuvutia, huoza kwanza. Hufuata mikono inayotoka pembeni ya chesisi kubeba bodi, kisha ule ukuta wa chuma kati ya injini na dereva, hasa pale unapoweka miguu na kwenye nguzo za bawaba za mlango.

Nenda na nyundo ndogo, chaki na miwani ya kukinga macho. Lala chini, gonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma, upande kwa upande. Chuma kizima hulia na kuirudisha nyundo mkononi. Kilichooza hutoa mlio mfu, nyundo inazama kidogo, na magamba ya kahawia yanakudondokea kifuani. Kila mlio unapobadilika, weka alama ya chaki. Ukimaliza, toka chini, kaa kwenye jiwe utazame alama zimejaa wapi. Zikiwa nyuma ya ekseli ya nyuma tu, fundi mzuri wa kuchomelea anakata na kuweka chuma kipya. Zikiwa kwenye vishikio vya springi za mbele au karibu na boksi la usukani, hilo ni gari la kubadilishwa chesisi nzima. Chesisi mpya za Series, zilizochovywa zinki, bado zinatengenezwa Uingereza na kampuni kama Richards na Marsland. Inawezekana kuagiza, ila piga hesabu ya meli, bandari na ushuru kabla ya kumwambia muuzaji neno lolote.

Land Cruiser ina chesisi nene na ngumu zaidi, ila bodi yote ni chuma. Kutu hukaa sehemu ambazo mnunuzi hatazami: sakafuni chini ya viti, kwenye kingo za chini za milango, nyuma ya magurudumu ya nyuma, na kwenye fremu ya kioo cha mbele. Ile yenye paa gumu ina kingine. Paa ni faiba, limefungwa kwenye mfereji wa chuma unaozunguka juu. Maji yakikaa kati ya faiba na chuma, mfereji unaoza ukiwa umefichwa na rangi. Pitisha kidole chini yake pande zote, ukihisi uvimbe ujue pameoza.

Kwa Land Cruiser nyundo haitoshi, chukua sumaku. Izungushie kitambaa usikwaruze rangi, uipitishe taratibu kwenye bodi. Panapoacha kushika, mtu alipiga puti, ule ute mzito wa kujazia mashimo ya bodi kabla ya rangi. Puti kidogo mlangoni haina tatizo. Puti ya kiganja kizima nyuma ya gurudumu maana yake hakuna bati tena hapo. Kwenye Land Rover sumaku haikusaidii kwa mabati, kwani alumini haivutwi. Kule angalia riveti, kama zimepangika sawa au ziligongwa upya baada ya ajali.

Sasa kanuni ninayoifuata. Gari lililolala Tanga, Bagamoyo, Kilwa, Malindi au Zanzibar, nachukua Land Rover, kwa sababu theluthi mbili za kazi ya bati imeshaepukika na ninabaki na chesisi. Lililolala Dodoma, Singida au Isiolo, kwenye hewa kavu, nachukua Land Cruiser bila kusita, maana bodi yake itakuwa imesalimika na mashine iliyo chini yake ni imara kuliko ya mwenzake. Land Cruiser ya pwani yenye kutu kwenye mfereji wa paa na sakafuni naiacha, hata ikiwaka mbele ya macho yangu.

Injini: nne zinazoamka kwa njia tofauti

Petroli ya Land Rover ndiyo rahisi kuliko zote. Kabureta moja, distribyuta yenye platini na kondensa, koili, plagi nne. Fundi yeyote aliyepitia gereji za zamani anaijua. Petroli iliyokaa tangini hugeuka na kunuka vanishi, ikaacha utomvu kwenye kabureta na mirija. Unashusha tangi, unalisafisha, unafungua kabureta na kupuliza kila tundu, unabadilisha platini na kondensa. Injini hii pia inashika hendeli ya mbele, kwa hiyo unaweza kuizungusha kwa mkono na kusikia kila silinda inavyobana. Kwa mnunuzi hicho ni kipimo kizuri sana, tena hakihitaji betri.

Petroli ya FJ40 inafuata njia ileile, yenye silinda mbili zaidi na uzito zaidi. Ni injini isiyokufa kirahisi.

Dizeli ndizo za kuwa makini. Dizeli ya Land Rover ina pampu ndogo ya mzunguko ya CAV. Vyuma vya ndani yake vimebanana mno na hulainishwa na dizeli yenyewe tu. Maji yakituama humo kwa miaka, hushikana. Ukiilazimisha kwa stata unaweza kuikata shafti yake. Kabla ya jaribio lolote, ihesabu pampu hiyo kuwa ni ya kupelekwa gereji ya pampu yenye mashine ya kupimia, na gharama yake itoe kwenye bei.

Dizeli za Toyota za B na H zina pampu ya mstari, kila silinda na pistoni yake ndogo. Nazo hukwama, ila mara nyingi fundi anazilegeza. Hatari yake iko kwenye gavana, yaani kidhibiti cha mzunguko wa injini. Pampu hizi husoma mvuto wa hewa kupitia kiwambo cha ngozi, na ngozi ikikauka kwa kusimama miaka hupasuka. Hapo injini ikiwaka inaweza kupandisha mzunguko yenyewe na kukataa kushuka. Zaidi ya hayo, nyingi zina kimota cha umeme kinachoivuta pampu ili injini izime, na waya zake zikiliwa na panya ufunguo hauzimi kitu. Siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza, toa bomba la hewa na usimame karibu na ubao bapa unaotosha kuziba mdomo huo. Tumia ubao, kamwe usitumie kiganja. Kiwambo kipya bei yake ni ndogo ukilinganisha na injini iliyopasuka.

Usikubali kusukuma

Muuzaji atakwambia, "Tulisukume tu bosi, litawaka." Kataa kwa heshima. Kuta za silinda zimekauka, ringi zimeshikwa na kutu nyembamba, na kulivuta gari kwa kamba likiwa kwenye gia kunakwangua kila kitu ndani ya dakika moja.

Toa plagi, au nozo kama ni dizeli. Mimina kijiko cha oili nyepesi iliyochanganywa na dizeli kwenye kila silinda, uache siku kadhaa. Fungua kifuniko cha valvu uone kama zote zimekaa kimo kinachoeleweka. Valvu iliyokwama chini itagongwa na pistoni, au kukunja fimbo yake. Kisha zungusha kwa mkono, kwa hendeli au kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele, nusu mzunguko mbele na nyuma. Ikilegea, mwaga oili yote, weka mpya, jaza na filta, halafu zungusha kwa stata plagi zikiwa nje hadi geji ya oili ipande. Gari lililokaa pampu yake ya oili huwa kavu, na beringi za injini hazivumilii kuanza bila oili.

Kama haikuzunguka kabisa siku uliyokwenda kuliona, lipe bei ya gari lisilo na injini. Ikija kulegea nyumbani kwako, faida ni yako.

Kabla ya kuingiza mkono popote, piga bodi kwa fimbo na usubiri. Nyuki hupenda nafasi ya nyuma ya dashibodi, na nyoka hujilaza kwenye chujio la hewa na chini ya viti.

Klachi kushikana na flaiwili ni jambo la kawaida kwa yote mawili. Kanyaga pedeli, ikaze kwa kipande cha mti hadi kwenye kiti, uache siku chache. Breki usiziamini hata zikionekana kushika: mipira yote ya masta na wili silinda, na mipira ya kwenda kwenye magurudumu, ibadilishwe. Land Rover ina ngoma magurudumu yote, na 109 ina silinda mbili kwa kila gurudumu la mbele, kwa hiyo kutoa upepo ni kazi ya subira. Land Cruiser za kuanzia katikati ya miaka ya 1970 nyingi zina diski mbele, na tofauti utaihisi siku ya kwanza kwenye mteremko. Oili ya difu na giaboksi ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Tairi zisome zile tarakimu nne za wiki na mwaka. Hata zikiwa na meno mapya, za miaka kumi na kitu ni za kubebea gari hadi gereji tu.

Ukipata 109 ya Series III, chungulia difu ya nyuma. Ile nene yenye kifuniko cha bolti nyuma ni Salisbury, ni ngumu sana. Difu za aina ya zamani shafti zake hukatika ukizibebesha.

Spea na mikono ya kuzifunga

Kwa mashine, Toyota inaongoza. Injini za B zilifungwa pia kwenye Dyna na Coaster, hivyo ringi, gasketi na beringi bado unaweza kuzipata Gerezani, Kariakoo, au Kirinyaga Road, Nairobi. Mwaka 2021 Toyota ilitangaza kuanza kutengeneza upya baadhi ya vipuri vya 40. Mapungufu yapo kwenye vitu vya bodi: taa za pembeni, vitasa, grili, geji, bawaba za kioo. Hivyo vinasakwa na wakusanyaji duniani kote, kwa sababu FJ40 iliyokamilika huko Marekani huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Ndiyo maana nasema hesabu kila kipande kabla ya kulipa. Grili iliyopotea kwenye Land Cruiser ina thamani kuliko kabureta iliyopotea.

Kwa Land Rover ni kinyume chake. Kitu chochote cha bodi fundi bati anaweza kukikata kwenye karatasi ya alumini akakifunga kwa riveti, kwani milango yenyewe ni bapa. Vipuri vya mashine bado vinatengenezwa Uingereza, na vya nakala vipo, ubora ukitofautiana. Mipira ya breki usinunue ya bei ya chini. Na mafundi wapo. Arusha, ambako tamasha la Oktoba 2024 lilikusanya mamia ya Land Rover, utakutana na watu wanaoifungua giaboksi ya Series wakiwa wanaongea mambo mengine.

Land Rover nyingi utazikuta zilishafungwa injini ya Toyota au Isuzu. Sizikatai. Kwa anayetaka gari la kazi, ni nafuu iliyo tayari. Ila angalia vishikio vya injini vilivyochomelewa kwenye chesisi, na uhakikishe namba ya injini mpya imeingia kwenye kadi.

Utaishi nalo vipi

Land Rover ya lita 2.25 ni gari la kilomita 70 hadi 80 kwa saa. Ukipanda Kitonga na mzigo utakuwa gia ya pili, malori yakikusubiri nyuma. Ni jepesi, linapita kwenye tope taratibu, na kila kitu chake kinafikiwa kwa spana chache. Land Cruiser yenye 3B au 2H inapanda mlima huohuo bila kulalamika na inabeba zaidi, ila springi zake zinakutikisa mgongo likiwa tupu. Mwenye shamba Kilombero anayetaka kutoa mpunga nampa Land Cruiser ya dizeli. Kijana anayetaka kujifunza kufungua gari kwa mikono yake mwenyewe, jioni baada ya kazi na fedha kidogokidogo kila mwezi, nampa Land Rover ya petroli, na nitafurahi kumsikia ameiwasha.

Kadi kabla ya hela

Magari yaliyolala miaka mingi mara nyingi mwenyewe ameshafariki. Anayekuonyesha ni mtoto, mjomba au jirani mwenye funguo. Kama jina kwenye kadi ni la marehemu, mwenye haki ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Omba kuiona barua ya uteuzi, na ikiwezekana kaa na ndugu wengine nao wasikie bei. Ukimlipa mmoja kimyakimya, siku gari litakapowaka ndipo wengine watakapokumbuka kuwa lilikuwa la baba.

Namba ya chesisi iko mbele kulia kwa yote mawili, imegongwa kwenye chuma chenyewe. Safisha kwa brashi ya waya na dizeli, ulinganishe na kadi tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa kutu imeifuta au sehemu hiyo imechomelewa upya, simama hapo hadi polisi na mamlaka ya usajili, TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya, wakupe jibu la maandishi. Gari lililokuwa la mradi au la serikali liwe na karatasi ya mnada. Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari mwaka 2017, kwa hiyo usitishwe na mtu anayekutajia madeni ya barabara; nenda TRA waangalie wenyewe kwenye mfumo.

Ukishasaini mkataba mbele ya wakili, usilivute gari kwa kamba hadi nyumbani. Beringi za magurudumu ni kavu na breki hazipo. Kodi Fuso, tafuta tuta la kupakilia, livute juu kwa winchi. Kabla ya kuondoka, zunguka ua na banda lote ukiwa na gunia. Okota kila boliti, kioo, kitasa na geji vilivyowahi kutoka kwenye gari hilo, pamoja na kile kikopo cha skrubu kilichoachwa dirishani, na umwombe mwenye nyumba aangalie tena chini ya kitanda cha mzee. Mara nyingi kitabu cha gari na funguo za akiba huwa huko.